Skrubu ya Kijani kwenye Kadi ya Renata

Sehemu ya Saba

Skrubu moja ya kijani, msomaji. Juu ya skrubu hiyo ndipo macho ya Renata Szabo yalipogandia Jumamosi iliyopita, katikati ya maegesho ya kituo cha polisi, theluji ya Machi ikiyeyukia viatuni mwake.

Skrubu nyingine zote za kadi ile ya kompyuta zilikuwa nyeusi. Hii moja ilipakwa rangi ya kucha. Na aliyeipaka ni Renata mwenyewe, mwaka juzi, siku aliyopoteza skrubu ya asili chini ya kitanda akaweka iliyotoka kwenye miwani mibovu ya baba yake.

"Binti," akasema muuzaji, "unanunua, au unaitazama mpaka ikusalimie?"

Muuzaji aliitwa Stosh Wisniewski, mzee wa tumbo kubwa na kofia ya sufi, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye siku hizi hununua na kuuza vipuri vya kompyuta. Walikuwa wamekubaliana mtandaoni, wakakutana hapa kama wanavyokutana watu wote wa Toledo wanaouziana bila kujuana: penye mistari iliyochorwa chini na kamera juu ya nguzo, mahali ambapo mwizi huona haya kusimama.

"Hii kadi ni yangu," Renata akasema.

"Itakuwa yako ukinipa dola mia na hamsini."

"Hujanielewa, mzee. Ni yangu tangu zamani. Iliibwa."

Tabasamu la Stosh likanyauka. "Rudia hapo."

Renata akatoa simu, akafungua picha ya boksi tupu. Wacheza gemu hawatupi maboksi. Boksi tupu hukaa juu ya kabati kama cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa kadi yenye boksi lake huuzwa kwa bei ya heshima. La Renata lilikuwepo mpaka asubuhi hiyo, na ubavuni lilikuwa na namba.

"Geuza kadi," akasema. "Soma tano za mwisho."

Stosh akavaa miwani. "Nne. Sifuri. Saba. Saba..."

"Moja," Renata akamalizia.

Wakatazamana.

"Kwa hiyo mimi mwizi," Stosh akasema polepole. "Sawa. Mlango wa polisi ule pale, hatua ishirini. Tangulia, nakufuata. Ila kwanza utazame hiki, usije ukajiaibisha bure."

Akamtolea simu yake. Mazungumzo ya wiki tatu nyuma. Mtu anauza kadi ya picha, haina boksi, inafanya kazi vizuri, anataka dola tisini haraka. Jina lilikuwa la bandia. Lakini picha aliyojiwekea mtu huyo ilikuwa ya mbwa.

Mbwa wa miguu mitatu.

Renata alimjua mbwa yule. Alimlisha mkate kwa mkono wake majira yote ya joto. Katika Toledo nzima kuna watu wangapi wenye mbwa wa miguu mitatu na sikio moja jeupe?

"Corbin," akasema. Jina likamtoka kama jino.

Ndiyo, msomaji. Corbin Nadeau. Rafiki yake tangu darasa la nne.

Wewe uliyetukuta njiani, sikia kwa ufupi. Kadi ya picha ndiyo inayochora kila kitu unachokiona kwenye gemu. Kompyuta isiyo na kadi ya maana itakufungulia barua pepe, lakini ukiiwekea gemu la vita hukohoa kama mzee anayepanda ngazi. Wiki tatu zilizopita, siku mbili tu baada ya Renata kushinda nusu fainali, skrini yake ilizimika katikati ya mchezo. Akamwita Corbin. Corbin akaja na bisibisi, akainusa kadi, akatikisa kichwa kama daktari.

"Imekufa, Reni. Pole. Nitaipitisha kwenye taka za umeme."

Renata akamshukuru. Akamtengenezea kahawa.

Na fainali ilikuwa leo. Chuo cha Swan Creek kilikuwa na nafasi moja tu iliyobaki katika timu yake ya gemu, na mwenye nafasi hiyo hulipiwa ada miaka miwili. Kila mchezaji angecheza kwa mashine yake, nyumbani kwake, saa nane kamili mchana. Asiyetokea ameshindwa. Renata, anayebeba matairi ghalani tangu alfajiri ili baba yake asiuze gari, hakuwa na njia nyingine ya kuingia chuo. Nafasi ile ilikuwa mlango, na mlango ulikuwa mmoja.

Na mpinzani wake katika fainali alikuwa nani?

Corbin Nadeau.

Mgeni akija mwizi, mbwa watapiga kelele,
Rafiki akija mwizi, huketishwa kule mbele,
Hupewa kiti na kazi, na funguo za milele,
Ukija kutoa chozi, yuko mbali siku tele.

"Sasa?" Stosh akauliza. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Tuingie?"

"Tukiingia itakuwaje?"

"Watatusikiliza, wataandika, kadi wataiweka kwenye mfuko kama ushahidi. Utaiona tena majira ya joto."

"Mechi ni saa nane leo."

"Basi umeshajijibu."

Renata akacheka kicheko kikavu. Wiki tatu amezurura mtandaoni akitafuta kadi, na mia na sabini tu mfukoni. Mpya za bei yake zilikuwa na kumbukumbu ndogo, majembe mapya ya mipini ya karatasi. Akaona zilizotoka kwa wachimbaji wa sarafu za mtandaoni, kadi zilizofanyishwa kazi usiku na mchana kama punda wa kinu. Akaona moja yenye jina kubwa kwa bei ya kutupa. Alipoikuza picha akagundua tundu la bluu la skrini za zamani ubavuni: kadi kizee iliyobatizwa jina la kijana. Corbin akamwambia, "Chukua ya mchimbaji, dada, hutajuta."

Mwishoni akaona heri anunue aina ileile aliyokuwa nayo, maana alijua inaingia kwenye kesi yake, lile sanduku la kompyuta, bila kugusa feni za mbele. Akatafuta aina ileile. Akapata ileile yenyewe.

"Kwanza niione inawaka," akasema. "Inawezekana imekufa kweli na wewe umedanganywa."

"Mimi? Nidanganywe?" Stosh akafungua buti la gari. Ndani mlikuwa na mashine nzima bila ubavu, na skrini ndogo imefungwa kwenye blanketi. "Twende kwa Opal."

Kwa Opal ni duka la kufulia nguo kwa mashine, ng'ambo ya barabara. Nusu ya kadi zinazouzwa upande ule wa mji zimewahi kujaribiwa pale, juu ya meza ya kukunjia shuka, kwa kuwa polisi hawana soketi nje.

"Nyie tena!" Opal akafoka, rundo la taulo kifuani. "Stosh, nimekwambia hapa ni pa chupi na soksi, siyo karakana!"

"Dakika mbili, mama."

"Juzi ulisema mbili, mashine namba sita ikakata umeme na suruali za watu ndani!"

"Leo ni mbili za kweli."

Wakachomeka. Stosh akabonyeza. Feni tatu za kadi zikazunguka pamoja, kisha, ghafla, zikasimama zote.

"Wageni wakiona hivyo huanza kulia," Stosh akasema.

"Mimi si mgeni. Kadi ikiwa baridi hupumzisha feni." Renata akahesabu kimyakimya. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Skrini ikawaka, safi kama kioo kilichopigwa siki.

Wakaipa mzigo mzito wa picha kwa dakika kumi. Haikutetereka. Haikunuka. Haikuwahi kufa hata siku moja.

Hapo ndipo uchungu ulipomkaba Renata. Mpaka dakika ile sehemu moja ya moyo wake ilikuwa bado inamtetea Corbin: pengine alikosea, pengine aliiona mbovu, ikapona. Kadi haziponi.

"Mia na hamsini," akasema, akitoa noti.

Stosh akarudisha mkono nyuma. "Nilimpa tisini. Nipe tisini."

"Tangazo lako linasema mia na hamsini."

"Tangazo halikujua haya. Binti, mimi nimekula faida za kila namna, lakini ya machozi hunikaa kooni."

"Silii, mzee."

"Nimeona. Ndiyo maana sitaki kuila."

Akatoa tisini. Akanunua kilicho chake.

Alipofika nyumbani, saa saba na robo, baba yake alikuwa jikoni anakoroga supu ya kabichi na paprika. Lou Szabo, fundi umeme wa mabasi ya mji kwa miaka thelathini na moja, sasa ni mstaafu mwenye magoti mabovu na maneno machache. Gemu za bintiye aliziita kupigana na hewa.

"Mwenzio alikuja," akasema bila kugeuka.

"Mwenzangu nani?"

"Corbin. Kakuletea zawadi. Ameifunga mwenyewe huko chumbani, akaondoka mbio kama ameacha maji yanachemka. Hata supu hakuonja."

Renata akakimbia.

Ubavu wa kompyuta ulikuwa umeachwa wazi. Chini ya kesi, palipokuwa na pawa saplai yake ya zamani, kile kisanduku kinachoilisha mashine umeme, palikuwa na nyingine, kubwa, nzuri. Aliijua. Ilikuwa ya Corbin mwenyewe, aliyoitumia kabla hajanunua mashine mpya.

"Alisema nini, baba?"

"Alisema hii yako ya zamani ndiyo ilikuwa mbovu. Haiwezi kubeba kadi." Mzee alisimama mlangoni na mwiko. "Nikamuuliza, umejuaje? Akatazama viatu."

Kumbe! Ndiyo maana skrini ilizimika siku ile. Pawa saplai ilikuwa imechoka, ikashindwa kuilisha kadi. Corbin aliliona hilo kwa jicho moja. Akakaa kimya, akainusa kadi nzima kama maiti, akaondoka nayo, akaiuza, akaongezea pesa kwenye kadi yake mpya ya kumpigia Renata. Renata akamweleza baba yake hayo yote kwa pumzi moja.

"Sasa karudi kutengeneza alichoharibu," akasema mzee.

"Karudi kulala usingizi, baba. Mimi ni kidonge chake."

Lakini saa haikungoja hasira yake. Akaichomeka kadi kwenye tundu lake, ikaingia kwa ule mlio wake mdogo. Akakaza skrubu. Akauvuta waya wa umeme wa kadi kutoka kwenye pawa saplai, akauchomeka. Kidole kikaelekea kitufe.

Simu ikalia.

"Reni! Hujawasha?"

Kidole kikasimama hewani. "Nani kakwambia nina cha kuwasha?"

Alikuwa Corbin. "Yule mzee Stosh kaniandikia. Kanitukana ukoo mzima. Reni, tutaongea, utanipiga, sawa. Lakini usiwashe. Huo waya wa kadi ni wa pawa saplai yako ya zamani. Niliuacha humo. Wa kwangu uko hapa, ndani ya begi, ndio kwanza nauona."

"Unaingia vizuri kabisa."

"Zote zinaingia! Ndani umeme umepishana. Unajua hilo. Ukiwasha unaichoma kadi."

Msomaji, watu wanaounganisha mashine zao wenyewe wana msiba mmoja unaowapata wajuzi kuliko wanafunzi. Nyaya za pawa saplai mbili hufanana kama mapacha, na tundu la hii humpokea pacha wa ile bila kulalamika. Lakini upande mmoja umeme hupita juu, upande wa pili hupita chini. Anayechanganya hupata moshi. Corbin aliwahi kuwafundisha watu wengine jambo hilo. Na leo, kwa kusikia miguu ya mzee Lou ikikaribia chumba, akakosea yeye.

Au ndivyo alivyosema.

"Saa hizi ni saa saba na dakika thelathini na tano," Renata akasema. "Nisipowasha, sitokei. Nisipotokea, unapita. Huo ndio ushauri wako?"

"Naapa, Reni."

"Na kwenye ile maiti uliapa."

"Nakuja. Nakuletea waya. Usiguse kitu!"

Simu ikakatika.

Akabaki amesimama. Adui akikwambia njia ina shimo, utaamini? Na asipokuwa adui, ni nani?

"Tatizo nini?" baba yake akauliza.

Akamweleza kwa maneno kumi na tano. Mzee akaweka mwiko juu ya kitanda, akaenda barazani, akarudi na kisanduku cheusi chenye sindano na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Kipimo chake cha mabasi. Mfuniko ulikuwa umefungwa kwa gundi ya karatasi.

"Mnabishana kuhusu umeme kwa kuapa?" akasema. "Umeme hupimwa. Chomoa huo waya kwenye kadi, uache unaning'inia. Sasa washa."

Renata akawasha. Mzee akapiga magoti, magoti yakalia. Akagusisha ncha zake mbili kwenye mdomo wa waya.

Sindano haikwenda mbele. Ikaruka nyuma, ikagonga ukingo wa kioo.

"Zima," mzee akasema.

"Baba?"

"Umeme umekaa mahali pa waya wa ardhi. Ungewasha, tungekuwa tunafungua madirisha." Akainua macho. "Huyo mtu wako hakudanganya, safari hii."

Afadhali angedanganya! Mtu akiwa mwongo siku zote unamfungia mlango ukapumzika. Huyu anayeiba kwa mkono wa kushoto na kuonya kwa ulimi wa kweli utamweka wapi?

"Una kibanio cha karatasi?" mzee akauliza.

"Cha nini?"

"Hizi ncha zimebanwa tu humu. Tatu za juu zishuke, tatu za chini zipande. Nimefanya hivi kwenye mabasi nikiwa nimelala chini ya theluji. Leta na ile miwani yangu."

Saa saba na dakika arobaini na tano. Mzee Lou akaanza. Ncha ya kwanza ikatoka. Ya pili ikakwama. Mikono yake, iliyokuwa ikikoroga supu bila wasiwasi, ilianza kutetemeka kidogo, na Renata akajifanya haoni.

Ncha nne zilikuwa nje mlango ulipogongwa.

Corbin alikuwa barazani bila koti, anahema, gari lake limeachwa limepanda ukingo wa barabara. Mkononi alikuwa na waya mweusi uliokunjwa vizuri.

"Huu hapa," akasema.

Renata akanyoosha mkono. Waya ukarudi nyuma inchi moja.

Inchi moja tu, msomaji. Lakini urafiki wa miaka kumi na mbili uliingia wote katika inchi hiyo.

"Kabla hujauchukua," Corbin akasema, macho chini. "Kocha Ballard wa Swan Creek asijue habari za kadi. Niahidi. Neno moja tu, Reni. Akijua sitaingia timu yoyote, popote."

"Umekuja kuniokoa mimi au kujiokoa wewe?"

"Vyote viwili. Kwani haiwezekani?"

"Uliuza kwa tisini."

"Nilikuwa napungukiwa..."

"Boksi ungeniomba, Corbin. Ungepata mia na ishirini."

Akafumba macho kama aliyepigwa kofi. "Chukua waya, Reni. Tafadhali. Niahidi tu."

Ndani, mzee Lou alikuwa na ncha nne mezani na mkono unaotetemeka. Hapa, mbele yake, ulikuwa waya mzima, sahihi, wa sekunde kumi. Neno moja tu. Watu wamesema maneno makubwa zaidi kwa faida ndogo zaidi.

"Kauze na huo," Renata akasema. "Stosh ananunua."

Akafunga mlango.

"Ungeupokea," baba yake akasema kutoka chumbani. Alikuwa amesikia yote.

"Ungekuja na kamba ya shingoni, baba."

"Kiburi hicho umekitoa wapi?"

"Nimelelewa nacho."

Mzee akaguna. Huenda lilikuwa guno la kicheko. Ncha ya tano ikaingia mahali pake. Ya sita ikagoma, ikaanguka kwenye zulia, wakaitafuta wote wawili kwa viganja, vichwa vikagongana, na saa ya ukutani ikawa inawasuta. Renata akaipata chini ya mwiko.

Saa saba na dakika hamsini na sita. Wakawasha. Mzee akagusisha kipimo. Sindano ikapanda kulia, taratibu, ikatulia kwenye namba yake.

"Naona sawa," akasema.

"Unaona, au ni sawa?"

"Kwa miwani hii, ni kitu kimoja."

Wakazima. Renata akauchomeka waya kwenye kadi. Hamsini na saba. Akaitazama ile skrubu ya kijani, akabonyeza.

Feni tatu zikazunguka. Zikasimama.

Hakuogopa. Kwa Opal zilisimama hivyohivyo. Akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Nyeusi.

Tano. Sita. Saba.

Nyeusi tii.

"Nimeiunguza," mzee Lou akasema. Alikuwa bado amepiga magoti. Aliitazama mikono yake kama vitu alivyoazima kwa mtu. "Mwanangu, nimeiunguza."

"Hainuki, baba."

"Nimeiunguza."

Renata akageukia skrini. Wiki tatu, matairi yote yale, tisini zile, na mlango aliomfungia mtu usoni, vyote vikaishia kwenye kioo cheusi kilichomwonyesha sura yake mwenyewe.

Ndipo dirisha lilipogongwa kwa ngumi.

"Reni!" Corbin alikuwa amesimama kwenye matope ya theluji, uso umebanwa kiooni. "Waya wa skrini! Waya wa skrini, dada! Bado uko kwenye mazabodi!"

Loo!

Kwa wiki tatu mashine ilikaa bila kadi, na Renata aliichomeka skrini yake kwenye tundu dogo la mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine, lile la kusomea barua. Kadi imerudi, tundu lile limelala, na yeye bado amechomeka kulekule! Ni kosa la mtoto wa siku ya kwanza. Angelisoma kwenye jukwaa lolote la mtandaoni, angecheka mpaka machozi.

Akapitisha mkono nyuma ya kesi, akauchomoa waya, akaushusha kwenye kadi.

Picha ikalipuka chumbani, rangi zikamrukia mzee Lou usoni. Mzee akakaa chini kabisa, sakafuni, akajifuta paji la uso kwa kitambaa cha jikoni.

"Kupigana na hewa," akanong'ona. "Kumbe hewa yenyewe nzuri."

Saa saba na dakika hamsini na tisa. Renata akavaa vipokea sauti, akaingia. Ukumbi wa fainali ukafunguka. Majina mawili yaliandikwa pale, jina juu ya jina. La kwanza likawaka taa ya kijani: Renata Szabo.

La pili halikuwa na taa.

"Nakuona, Renata," ikasema sauti ya Kocha Ballard, mwanamke asiyepoteza herufi. "Vizuri. Niliambiwa mashine yako ilikuwa na matatizo."

"Imepona, kocha."

"Corbin Nadeau simwoni. Simu yake haipokewi. Unajua kanuni: dakika tano. Asipoingia, nafasi ni yako. Hakuna haja ya kucheza."

Renata akageuza kichwa.

Kwenye ngazi ya baraza, Corbin alikuwa ameketi, mgongo kwa dirisha, ule waya umelala juu ya magoti yake. Nyumba yake iko ng'ambo ya mto Maumee, dakika kumi na tano kwa barabara kavu. Na barabara haikuwa kavu.

Alipoliwasha gari lake kuja huku, alijua. Mchezaji wa saa nane anayetoka nyumbani kwake saa saba na nusu na ushei hahitaji kuambiwa hesabu. Alikuja akijua. Na hata hivyo, akijua, aliuvuta ule waya nyuma inchi moja.

Nafasi moja. Mlango mmoja. Ulikuwa wazi mbele yake, na hakuna aliyemzuia kuingia. Lakini ushindi gani huu, ambao hata risasi moja hukupiga? Watasema alishinda kiti kitupu. Na akisema ukweli wa kilichokifanya kiti kiwe kitupu, atamzika mtu aliyetoka kumpa mwanga wa skrini. Na akinyamaza, atakuwa ametoa bure ile ahadi aliyokataa kuiuza mlangoni.

Sekunde zikawa zinaanguka kwenye kona ya skrini. Nne na nusu. Nne na robo.

"Renata," kocha akasema, "nyinyi ni marafiki wa siku nyingi. Unajua Corbin yuko wapi?"

Mzee Lou, sakafuni, hakusikia swali. Aliona tu mgongo wa bintiye ukinyooka.

Renata akashusha kipaza sauti mpaka karibu na mdomo.

"Najua alipo, kocha," akasema.

Na nje, kwenye ngazi, kana kwamba kuta zimemnong'oneza, Corbin akainua kichwa.